Mji wa Pangani na Mto Wake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Pangani iko wapi hasa?

Pangani ni mji mdogo wa pwani ya kaskazini ya Tanzania, mkoani Tanga, takriban kilomita 50 kusini mwa jiji la Tanga. Mji wenyewe umekaa kwenye ukingo wa kaskazini wa Mto Pangani, pale pale mto unapoingia katika Bahari ya Hindi, na ndiyo maana mgeni anayeushangaa huwa hajui auite mji wa mto au mji wa bahari. Ardhi ya upande wa mji ni tambarare na iko chini, karibu usawa wa maji. Ng'ambo, ukingo wa kusini, ni Bweni, ambako ardhi inapanda ghafla. Anayetaka kuielewa Pangani kwa kuitazama mara moja tu na avuke, apande mwinuko wa Bweni, kisha ageuke nyuma: ataona mabati ya mji, minazi isiyohesabika, mikoko iliyosongamana kwenye kingo, na maji ya mto yenye rangi ya udongo yakienda kukutana na maji ya buluu ya bahari bila kuchanganyika upesi.

Pangani pia ni makao makuu ya wilaya yenye jina hilo hilo, inayoteremka kusini hadi Mkwaja na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 54,025 katika wilaya nzima, na wengi wao wanaishi vijijini.

Je, hii ndiyo Pangani ya Nairobi?

Hapana. Pangani ya Nairobi ni mtaa ndani ya jiji hilo la Kenya. Maelezo yote yaliyomo humu yanahusu mji wa Tanzania ulioko kwenye mlango wa Mto Pangani.

Mto Pangani unaanzia wapi?

Maji yanayopita mbele ya mji huu yametoka mbali, kwenye milima miwili mirefu. Mto Kikuletwa hukusanya maji ya Mlima Meru na ya miteremko ya Kilimanjaro. Mto Ruvu hukusanya maji ya upande wa mashariki wa Kilimanjaro pamoja na yale ya Ziwa Jipe, lililoko mpakani mwa Tanzania na Kenya. Mito hii miwili inakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, lililokamilika katikati ya miaka ya 1960, na kuanzia hapo mto huitwa Pangani. Ukishapita bwawa, unateremka katika nyika kavu ukiwa na safu za Upare na Usambara upande wa kushoto, unapokea maji ya Mkomazi na Luengera, unaporomoka kwenye maporomoko ya eneo la Hale, kisha unatulia na kujipindapinda taratibu kati ya mashamba mpaka baharini. Safari yote ni ya kilomita zipatazo 500.

Maporomoko hayo yamekuwa na maana kubwa katika historia ya mji. Chombo kinachoingia kutoka baharini kinaweza kupanda mto kwa kitambo, lakini hakiwezi kuyapita. Kwa hiyo mto haukuwa njia ya majini ya kufikia bara. Kazi ya bonde lake ilikuwa kuwaonyesha njia waendao kwa miguu na kuwapa maji ya kunywa katika nyika ambayo vinginevyo ingewaua kwa kiu. Leo maporomoko hayo hayo yanazalisha umeme: kituo cha Hale kilianza mwaka 1964 kikiwa na uwezo wa megawati 21, na kile kipya cha Pangani Falls, chenye uwezo wa megawati 68, kilianza mwaka 1995.

Kwa nini wakulima wa karibu na mji wanalalamika kwamba mto umekuwa wa chumvi?

Malalamiko yao ni ya kweli, nasi tunaona kwamba hili ndilo swali zito kuliko yote kuhusu Pangani ya leo, ingawa wageni ni nadra kuliuliza.

Katika mlango wa mto wowote wa pwani yetu kuna mashindano ya kila siku kati ya maji ya mto yanayosukuma kwenda baharini na maji ya bahari yanayosukuma kuja juu. Wakati wa bamvua bahari hujaa sana na kuingia mbali. Wakati wa maji mafu hupungua nguvu. Mto ukiwa na maji mengi, chumvi hubaki karibu na mlango. Mto ukidhoofika, chumvi hupanda, kilomita baada ya kilomita, ikaingia katika visima na katika udongo wa mashamba yaliyoko kando. Mnazi huvumilia chumvi kidogo, lakini mpunga na migomba havivumilii.

Sasa, mto umedhoofika kwa sababu maji yake yana wenyewe wengi huko juu. Wachaga wamekuwa wakichimba mifongo ya kumwagilia mashamba yao ya migomba tangu zamani sana, kabla ya wakoloni. Baadaye yakaja mashamba makubwa ya miwa ya Arusha Chini, kilimo cha mpunga katika skimu ya Lower Moshi iliyokamilika mwaka 1987, mashamba ya maua, mabwawa ya umeme, na miji ya Arusha na Moshi ambayo watu wake wanaongezeka kila mwaka. Kila mmoja ana haki yake, na hakuna anayefungua mfereji kwa nia ya kumdhuru mtu wa Pangani. Hata hivyo, anayekaa mwisho wa mto hupata kile kilichobaki. Ofisi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi, ilianzishwa mwaka 1991 ili kugawa maji kwa vibali na kusuluhisha migogoro ya namna hii, na kwa maoni yetu kipimo cha haki cha kazi yake kinapaswa kuchukuliwa katika mashamba ya mwisho wa mto, kabla hata ya kwenye mageti ya bwawa.

Mji huu una umri gani?

Inategemea mtu anauliza kuhusu makazi au kuhusu mji kama unavyoonekana leo. Watu wamekaa kwenye mlango wa mto huu kwa karne nyingi. Wapo wanahistoria waliowahi kudhani kwamba Rhapta, bandari ya Afrika Mashariki inayotajwa katika maandishi ya Kigiriki ya karibu miaka 2,000 iliyopita, ilikuwa hapa. Wengine huipeleka kwenye delta ya Rufiji, na ushahidi wa kulimaliza suala hilo haujapatikana. Kilicho wazi zaidi ni magofu ya Tongoni, kaskazini mwa Pangani kuelekea Tanga, yenye msikiti na makaburi ya Waswahili wa kale, yanayoonyesha kwamba sehemu hii ya Mrima (pwani ya bara inayotazamana na Zanzibar) ilikuwa na miji ya Kiislamu yenye biashara kabla Wareno hawajafika. Karibu na hapo ndipo Vasco da Gama alipoichoma moto mwaka 1499 merikebu yake mojawapo, São Rafael, alipokuwa akirudi kutoka India na mabaharia wake wamepungua mno kwa maradhi.

Mji wa sasa, wenye mitaa ya nyumba za mawe na maduka ya Wahindi, ni zao la karne ya 19.

Utajiri wa karne ya 19 ulitoka wapi?

Ulitoka kwa misafara kwanza, kisha kwa miwa. Masultani wa Zanzibar wa ukoo wa Busaidi waliweka liwali wao, yaani gavana, Pangani, lakini mamlaka ya kila siku yaligawanywa kati yake na majumbe (viongozi wa jadi) wa Kishirazi wa mji na vijiji vya jirani, ambao walikuwa na haki zao za kupokea ada na zawadi kutoka kwa wafanyabiashara. Misafara iliondoka hapa ikifuata bonde la mto, chini ya Usambara na Upare, hadi Uchagani na Umasaini. Wapagazi walikwenda na vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na nyaya, wakarudi na pembe za ndovu. Walirudi pia na watu waliotekwa. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Arabuni na India, na yale yaliyokuwa yakivuka kila mara kwenda Unguja, ndiyo yaliyochukua mzigo huo.

Wavumbuzi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walipita hapa mapema mwaka 1857, wakapanda hadi Vuga kumwona Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Usambara, kabla ya kuanza safari yao maarufu zaidi ya kwenda Ziwa Tanganyika.

Je, ni kweli kwamba kulikuwa na mashamba ya watumwa kando ya mto?

Ni kweli, na jambo hili halifai kusemwa kwa sauti ya chini. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, matajiri wa Kiarabu na baadhi ya Waswahili walifungua mashamba ya miwa kwenye udongo mzito wa kingo za mto, maili kadhaa juu ya mji, wakaweka vinu vya kukamulia na masufuria ya kuchemshia, na sukari yao ikauzwa Zanzibar na Arabuni. Kazi ilifanywa na watumwa. Mwaka 1873, Sultani Barghash bin Said alipotia saini chini ya shinikizo la Waingereza mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari, utumwa wenyewe wa bara haukukoma. Watu waliokuwa wakiletwa kutoka bara waliweza kubakizwa kwenye mashamba ya pwani.

Kazi ya miwa ni ya kuvunja mgongo, kwa sababu ukishakatwa muwa hausubiri: lazima ukamuliwe na maji yake yachemshwe upesi, usiku na mchana. Watumwa wengi walitoroka. Watoro hao walijenga vijiji vyao vya kujihami porini, wakalima na kufanya biashara na watu wa mji. Historia yao imeandikwa kidogo kuliko ile ya mabwana zao, na wenyeji wa Pangani ambao asili yao ni hao wana haki ya kuisikia ikisimuliwa sawasawa na nyingine.

Nini kilitokea Pangani mwaka 1888?

Mnamo Aprili 28, 1888, Sultani Khalifa bin Said alitia saini mkataba ulioikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani ya Mrima na ushuru wake. Kwa karatasi, kampuni ilitakiwa kutawala kwa jina la Sultani. Kwa watu wa Pangani hali ilionekana vingine kabisa wakati maofisa wa kampuni walipofika mwezi Agosti. Mkubwa wao hapa alikuwa Emil von Zelewski, ambaye Waswahili walimpa jina la Nyundo. Alitaka bendera ya kampuni ipepee, liwali akakataa bila amri ya Sultani, na Nyundo akaita askari wa majini kutoka manowari iliyotia nanga. Masimulizi ya wakati ule yanaeleza kwamba mlingoti wa bendera ya Sultani ulikatwa, na kwamba Wajerumani waliingia msikitini na mbwa siku ya sikukuu. Katika mji wa Waislamu, jambo la pili lilitosha peke yake.

Hasira haikuwa ya tabaka moja. Majumbe waliona haki zao za ushuru zinafutwa. Wenye mashamba walihofia ardhi na watumwa wao. Wapagazi na watu wa vijijini walioingia mjini na silaha walikuwa na madai yao wenyewe, na baadhi ya madai hayo yaliwahusu matajiri wa mji kuliko Wajerumani. Mwezi Septemba umati uliwazingira maofisa wa kampuni ndani ya nyumba yao. Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa kamanda wa jeshi la Sultani, alikuja akawatoa na kuwapeleka Unguja, lakini naye alipojaribu kutuliza mji alilazimika kuondoka, kwa kuwa watu walikwisha kumwona Sultani kama mtu aliyewauza. Moto ukaenea pwani nzima, Tanga, Saadani, Bagamoyo hadi Kilwa.

Nyundo alinusurika Pangani. Miaka mitatu baadaye, Agosti 17, 1891, aliuawa Lugalo katika vita na Wahehe wa Mkwawa.

Abushiri alikuwa nani, na mwisho wake ulikuwa upi?

Abushiri bin Salim al-Harthi alikuwa mwenye shamba la miwa karibu na Pangani, baba yake Mwarabu na mama yake Mworomo. Ukoo wake wa Harthi ulikuwa na uhasama wa muda mrefu na masultani wa Busaidi, kwa hiyo kumpinga Sultani hakukumpa shida. Uasi haukuanzishwa naye peke yake. Ulikuwa umekwisha kuwaka, naye akaupa uongozi, akaupeleka hadi kuzingira Bagamoyo.

Serikali ya Ujerumani ilipoona kampuni imeshindwa, ilimtuma Hermann von Wissmann mwaka 1889 na jeshi la mamluki wengi wao Wasudani walioajiriwa Misri, pamoja na askari kutoka Msumbiji. Mwezi Mei aliivunja kambi ya Abushiri karibu na Bagamoyo, na mwezi Julai akaitwaa Pangani kwa mizinga, kisha Tanga. Abushiri alikimbilia bara, akaishambulia ngome ya Wajerumani ya Mpwapwa, akakusanya wapiganaji wapya, akashindwa tena. Alipokuwa akipita Uzigua bila jeshi, alikamatwa na kukabidhiwa kwa Wajerumani, wakamrudisha Pangani na kumnyonga hapo Desemba 15, 1889. Bwana Heri wa Saadani aliendelea kupigana hadi mwaka uliofuata. Ujerumani ikamlipa Sultani marka milioni 4 kwa pwani yake, na tangu Januari 1, 1891 serikali yenyewe, badala ya kampuni, ikashika hatamu.

Jina lake, kwa umbo la Bushiri, limebaki hadi leo kwenye kata mojawapo ya wilaya.

Je, mkonge wa Tanzania ulianzia hapa?

Ndiyo, na hili ni jambo ambalo Pangani haijalijengea sifa inayostahili. Mwaka 1893, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Mingi ilikufa njiani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, kusini ya mto, karibu na Pangani. Kutoka katika miche hiyo 62 yalitokea mashamba yaliyofunika mkoa wa Tanga na kwingineko, hata katika miaka ya 1960 Tanganyika ikawa mzalishaji wa kwanza wa katani (nyuzi za mkonge) duniani. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mashamba mengi yalitaifishwa, na karibu wakati huo huo kamba za nailoni zikaanza kuivunja bei ya katani katika masoko ya nje. Mashamba ya Pangani nayo yakapooza, ingawa mistari ya mkonge bado inaonekana ukienda Mwera au ukija kutoka Muheza.

Kwa nini basi Tanga ikawa jiji na Pangani ikabaki mji mdogo?

Sababu ya kwanza ni fungu la mchanga. Mto unapofika baharini unaacha mchanga na udongo wote ulioubeba, na fungu hilo lililoko mlangoni huruhusu mashua na majahazi kuingia maji yakijaa, lakini huizuia meli kubwa. Katika zama za tanga hilo halikuwa tatizo. Katika zama za meli za moshi lilikuwa hukumu. Tanga ina ghuba yenye kina, na huko ndiko Wajerumani walikoanza kujenga reli mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911. Reli ilipita katika bonde lile lile la Mto Pangani, kwenye njia ile ile ya misafara, ila mwisho wake haukuwa Pangani. Biashara yote ya Kilimanjaro na Usambara ikahama. Waingereza walipoutwaa mji mwezi Julai 1916, walikuta bandari ndogo ya nazi, mkonge na samaki.

Majengo ya kale yako katika hali gani?

Boma, ambalo limekuwa ofisi ya serikali ya wilaya, ndilo lililotunzwa kuliko mengine; lina milango ya mbao iliyochongwa, na wenyeji husimulia kwamba watumwa walizikwa wakiwa hai chini ya nguzo zake. Nyumba nyingi za maduka ya Wahindi, zenye baraza chini na roshani za mbao juu, zimeachwa kwa mvua na popo. Chokaa ya matumbawe ikishapoteza plasta yake hunyonya maji, boriti zinaoza, na ghorofa inashuka. Nyumba ya namna hiyo inahitaji fundi anayejua kuchoma chokaa. Saruji ya kawaida hufungia unyevu ndani na kuharakisha kuanguka kwake.

Maziwe ni kisiwa au ni fungu?

Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, kusini-mashariki ya mji, na kilijulikana kama mahali muhimu mno pa kasa kutagia mayai nchini. Kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi katika miaka ya 1970. Miti yake ikatoweka, mchanga ukakosa wa kuushika, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakikuwa na mmea hata mmoja. Leo ni fungu la mchanga mweupe linaloonekana maji yakitoka na kufunikwa yakijaa, likizungukwa na matumbawe mazuri. Kwa kuwa mayai yakifunikwa na maji huharibika, viota vya kasa vinavyopatikana pale huhamishiwa ufukwe wa Ushongo. Kaskazini ya mlango wa mto, hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 2009 inamlinda silikanti, samaki wa kina kirefu ambaye wanasayansi waliwahi kuamini kwamba alitoweka mamilioni ya miaka iliyopita.

Watu wa Pangani wanaishi kwa kazi gani?

Nazi, mihogo, korosho, mkonge kidogo, na uvuvi. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi hutoka na taa kuvua dagaa, na alfajiri kazi inahamia nchi kavu: dagaa wanachemshwa kwa maji ya chumvi katika masufuria makubwa, wanaopolewa, kisha wanatandazwa juani, na kina mama hupita katikati yao wakiwageuza na kuokota takataka. Wakikauka hufungwa magunia na kupakiwa kwenye malori ya kwenda bara. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, mzigo wa siku nzima unaoza. Kuni za kuchemshia ni gharama na pia ni tishio kwa mikoko, ambayo ndiyo inayoshika kingo za mto na kulea samaki wachanga, kwa hiyo majiko yanayotumia kuni chache yangewafaa wachemshaji kuliko semina nyingi za mazingira.

Mtu anavukaje kwenda Bweni?

Kwa kivuko cha serikali, au kwa mashua ndogo. Kwa muda mrefu hapo ndipo barabara ya pwani ilipokatika: mgonjwa wa Mkwaja au Kipumbwi aliyepewa rufaa alilazimika kusubiri kivuko, na kivuko kikiharibika alisubiri zaidi. Mradi wa barabara ya lami kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Bagamoyo umejumuisha daraja la urefu wa mita 525 juu ya mto. Daraja hilo limekusudiwa kuviunganisha vijiji vya kusini ya mto na hospitali, shule na masoko ya mjini bila kutegemea saa za kivuko wala hali ya maji.